Maneno ya Bawabu

Kaka yangu Zahor hajawahi kuagiza chakula kwa simu. Hajawahi kumjibu mtu wa benki akimpigia, na hajitambulishi mbele ya wageni, kwa sababu jina lake mwenyewe linamkwama kooni. Ana kigugumizi. Alianza nacho siku alipoanza kusema na sasa ni mtu wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe, na bado anacho. Maisha yake yote ya kazi ameyapitisha kwenye wizara moja pale Khuwair, huku Oman, akichora ramani za mabomba ya maji, na mimi husema aliichagua kazi ile kwa kuwa bomba halimuulizi mtu jina lake. Akinisikia nikisema hivyo hucheka mpaka mabega yakatikisika. Ni mtu wa kucheka, watu hawamjui tu.

Mimi ni Nadra, mdogo wake. Tangu nifiwe na mume wangu nakaa ghorofa ya juu ya nyumba yake, Khuwair ya Kusini, na watu wote wa chini wanajua kwamba maneno aliyopunguziwa kaka yangu nimeongezewa mimi. Kwa hiyo habari hii naisimulia mimi. Tukimwachia mwenyewe atasema "ilikuwa vizuri" kisha ataomba chai.

Asiyejua mambo yetu itabidi aelezwe kidogo. Binti akiolewa, baba yake ndiye anayemwozesha. Anakaa mbele ya sheikh, anashikana mkono na bwana harusi, na anatamka kwa sauti ya kusikika na mashahidi kwamba amemwozesha binti yake. Kwa Kiarabu neno lenyewe ni zawwajtuka. Ni neno jepesi, hata mtoto wa chuo cha Kurani analiweza, isipokuwa linaanza na sauti ile ile inayoanza jina la kaka yangu. Baba asiyeweza kutamka humpa mtu mwingine uwakala, nduguye au sheikh mwenyewe, na ndoa inakuwa sahihi kabisa. Hakuna atakayemlaumu.

Zahor ana mabinti watatu. Alipoolewa mkubwa, Balqis, alijaribu, kama nilivyohadithiwa. Alikaa, akashika mkono wa kijana, akafungua kinywa, na neno likagoma. "Za, za, za," mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka chini ya kilemba. Mmoja katika wageni akacheka kwa pua, labda bila kukusudia. Kaka yetu mkubwa, Mahfoudh, akamwekea mkono begani na kumwambia sheikh, "Amenipa mimi uwakala." Mahfoudh akaozesha. Zahor akatoka nje na kuanza kupanga viatu vya wageni mlangoni, kimoja na mwenziwe, na hakurudi ndani mpaka halwa ilipoletwa. Alipoolewa wa pili, Sabah, hakujaribu hata. Alimpa Mahfoudh uwakala wiki nzima kabla.

Akabaki Ruba, kitinda mimba, mwalimu wa hesabu, na kichwa kigumu kama cha shangazi yake. Alichumbiwa na Loai, kijana mpole ambaye wazee wake ni Waomani waliotoka Tabora. Mambo yakaenda vizuri mpaka Ijumaa moja tukiwa kwenye pilau.

"Baba," akasema Ruba, "mimi sitaki Ammi Mahfoudh aniozeshe."

Zahor akaacha kutafuna.

"Nampenda Ammi, wallahi. Lakini nnataka niozeshwe na baba yangu, kwa sauti ya baba yangu. Hata ukichukua mpaka magharibi, watakaa wangoje. Wakichoka watakunywa kahawa."

"Ru-Ruba," akasema kaka yangu, "u-unajua hali yangu."

"Naijua. Na bado nnaomba."

Zahor alinawa mikono na kuondoka, na pilau lake akaliacha sahanini. Kuanzia siku ile, kila baada ya alfajiri, kitundu cha hewa cha bafu yao kikawa kinaniletea sauti yake juu kwangu. "Za, za, za." Anaanza, anakwama, anafungua bomba la maji ili mkewe asisikie, anaanza tena. Nilikuwa nakaa kitandani na tasbihi yangu, najua kwamba kule chini mwanamume mzima anapigana na neno moja, na machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira. Nilikuwa sijui nimkasirikie nani.

Asubuhi moja katika asubuhi hizo nikamkumbuka Bawabu.

Tulikuwa wadogo, Unguja, mtaa wa Malindi. Televisheni ya rangi ilikuwa kitu kipya na nyumba iliyokuwa nayo kwetu ni ya Bi Zakiya, mke wa sonara, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Kila wiki ulikuwapo mchezo mmoja wa Kiingereza wa watu waliopotea angani, chombo chao kikitua leo nyota hii kesho nyota ile, wakitafuta njia ya kurudi kwao. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyeweza kulitamka, tukauita Watu wa Mbali. Wanawake wa mtaa mzima walikuja na mikeka yao, bibi yetu akiwa wa mbele, na Kiingereza hawakijui hata neno. Aliyekijua alikuwa Zahor. Marehemu baba alimfundisha kwa kusomea magazeti, kwa sababu kusoma hakukuwa na kukwama. Basi Bibi akamwamuru mtoto wa miaka kumi na miwili asimame pembeni ya televisheni atafsiri.

Wote tuliona huruma. Mimi niliziba macho. Na Zahor akafungua kinywa na maneno yakatoka kama maji ya mfereji. Nahodha akisema, Zahor anasema. Adui akitisha, Zahor anatisha. Wanawake wakikosa kitu walipiga kelele, "Kasema nini?" na yeye anawarudia, na Bi Zakiya akiridhika hutikisa kichwa na kusema, "Haya, sasa nimefahamu." Mchezo ukiisha, kaka yangu anarudi kuwa yule yule, akiomba maji anahangaika na herufi ya mwanzo.

Katika michezo yote ile, mmoja ulitushika mtaa mzima. Wasafiri wanafika kwenye mji mtupu. Wenyewe wamekufa zamani, amebaki mtambo mmoja mkubwa unaolinda lango, na Zahor aliuita Bawabu. Nahodha anauliza, "Unamlinda nani?" Na Bawabu anajibu kwa sauti ya taratibu, iliyonyooka, maneno ambayo wanawake wa Malindi waliyakariri wakichambua mchele mpaka tukahamia huku. Nilikumbuka kila neno. Na nikakumbuka kwamba sauti ile ya Bawabu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuitoa kaka yangu. Nikasema, basi dawa ni hiyo. Atautazama tena mchezo, ataisikia ile sauti, ataiiga, na kwa sauti hiyo hiyo atamwozesha mwanawe.

Nilishuka kumwambia. Nilitegemea anicheke. Badala yake uso wake ukafunguka.

"Ba-Bawabu," akasema. "Yule a-alikuwa hakwami."

"Ndiyo nnayokwambia!"

Ruba aliutafuta mtandaoni, na watu wa siku hizi hawashindwi na kitu, akaupata, picha imesafishwa. Ijumaa baada ya chakula tukakaa mbele ya televisheni kubwa ya ukutani: Zahor, mkewe Nasriya, Ruba na mimi. Kaka yangu alikuwa amevaa kanzu ya kutokea, sijui kwa nini. Nadhani alikuwa anakwenda kuonana na mtu wake wa zamani na alitaka aonekane nadhifu.

Sitaficha kwamba mwanzo ulitusikitisha. Mawe ya nyota ile yalikuwa ya karatasi, na nahodha alipoegemea moja likarudi nyuma. Mji mkubwa uliotutia hofu utotoni ulikuwa picha iliyochorwa kwenye kitambaa. Na Bawabu mwenyewe, aliyekuwa akinizuia kwenda msalani gizani, alikuwa pipa lililopakwa rangi ya fedha lenye taa mbili kifuani. Ruba aliuma midomo asicheke.

"Nyamaza," nikamwambia. "Ngoja aseme."

Nahodha akasogea mbele ya pipa. Akauliza swali lake. Zahor akainama mbele, viganja magotini, midomo imeshaanza kucheza.

Bawabu hakusema kitu. Taa nyekundu ikawaka, ikazimika, ikawaka ya kijani. Kimya kirefu. Lango likafunguka, wasafiri wakapita, muziki ukapigwa, mchezo ukaisha.

"Wameikata!" nikasema. Nilisimama kabisa. "Wamekata sehemu nzima! Wezi hawa! Rejesha nyuma!"

Ruba akarejesha. Taa nyekundu, taa ya kijani, lango.

"Shangazi, haijakatwa. Tazama, muziki ni mmoja tu, umekwenda moja kwa moja."

"Hujui wewe, hukuwako! Lete simu."

Nikampigia Bi Zakiya. Bado yuko hai, alhamdulillahi, anakaa Mawaleh, mji huu huu, na mwanawe, kizee cha miaka thamanini na zaidi ambaye masikio yamempungua na sauti imemzidi. Nikaweka simu mezani wote wasikie.

"Bi Zakiya, unamkumbuka Bawabu?"

"Bawabu yupi? Wa hospitali?"

"Wa Watu wa Mbali! Unguja, kwenye televisheni yako!"

"Lo! Yule!" Simu ikatikisika mezani. "Nisimkumbuke vipi? Siku ile nililia, mume wangu akadhani nimefiwa."

"Alisema nini pale mwisho?"

Na Bi Zakiya, bila kufikiri, akasoma yote. "Nimewekwa hapa niulinde mji huu. Wenyewe wamekwenda, mimi nimebaki. Niliambiwa niufunge mlango, sikuambiwa niufunge mpaka lini. Nyinyi mmekuja kwa amani, na nyuso zenu nimeziona. Basi mimi naufungua. Piteni."

"Mnaona?" nikawaambia wote kwa ushindi. "Neno kwa neno!"

Ruba akaisogelea simu. "Bibi, samahani. Bawabu aliyasema hayo kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili, mwanangu. Kwani mimi nnajua lugha gani nyengine? Kiswahili safi kabisa, cha mjini."

Nilimwangalia Ruba, Ruba alikuwa anamwangalia baba yake, na mimi nikageuka polepole nikamwangalia pia. Miaka yote hii sikuwahi kujiuliza vipi pipa la Waingereza lilijua Kiswahili cha Malindi.

"Wa-walikuwa wanauliza," akasema Zahor. Alikuwa bado anaitazama ile taa ya kijani iliyosimama kwenye kioo. "Wote. Kasema nini, kasema nini. Na ye-yeye hakusema kitu. Nilimwambia Bibi ha-hajasema. Akanambia, hawezi kukaa kimya, ameulizwa swali. Ba-basi nikasema."

"Ukatunga," nikasema.

"Nika-nikatunga. Kisha nikasahau. Mimi mwenyewe nimekaa na-nadhani ni yake."

Niliogopa. Alikuja kumuiga Bawabu, na Bawabu hana sauti. Nilijilaumu moyoni kwa kumwondolea hata hicho kidogo alichokuwa nacho, na nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza. Lakini kaka yangu akaanza kucheka. Alicheka mabega yakatikisika, akavua kofia, akafuta macho kwa kofia, akacheka tena, na Nasriya akacheka kwa kumwona yeye anacheka.

"Pi-pipa," akasema. "Miaka ha-hamsini nalionea wivu pipa!"

"Ilikuwa sauti yako, Baba," akasema Ruba.

Zahor aliivaa kofia yake. Halafu akaichukua simu yangu pale mezani, akamkatia Bi Zakiya katikati ya neno, akatafuta jina la Mahfoudh na kubonyeza. Nasriya akanishika mkono. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwona Zahor akimpigia mtu simu kwa hiari yake.

"Nadra?" Mahfoudh akaitika. "Allo? Nadra? Kuna nini?"

"Ni-ni-ni mimi," akasema Zahor. Ilimchukua muda, na tulimsikia Mahfoudh akipumua upande wa pili kwa hofu, akidhani pengine nimeanguka. "Ru-Ruba. Na-na-namwozesha mwenyewe." Akakata. Kisha akaomba chai.

Mahfoudh alikuja kesho yake asubuhi, na mimi nilimsubiri. Kaka yangu mkubwa si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kusaidia, na mtu wa namna hiyo kumzuia ni kazi kuliko kumzuia adui.

"Wazee wa Loai ni watu wazima, watu wa heshima," akamwambia Zahor sebuleni. "Unataka wakae wanakutazama unahangaika? Kwa faida gani, na mimi nipo?"

Nilikuwa juu, nikashuka ngazi bila viatu.

"Heshima gani hiyo ya mtu kunyamazishwa nyumbani kwake?" nikamwambia. "Kila akifungua kinywa wewe umeshamaliza kusema! Unamtafunia chakula kama kinda la ndege!"

"Wewe hukuwepo siku ya Balqis," akanijibu Mahfoudh, na sauti yake ilibadilika. "Ulikuwa kwa wanawake. Mimi niliuona uso wake, Nadra. Sitaki kuuona tena vile. Ni ndugu yangu."

Hapo nikakaa kwenye ngazi ya mwisho. Aliyesema ni Zahor.

"Mahfoudh. Si-siku ile nilikuwa nnafika. Nilikuwa nimeshafika karibu. U-ulipoweka mkono begani ndipo nilipokwisha." Akapumzika. "Safari hii u-usinisaidie. Usiniguse. Hata ku-kukohoa usikohoe."

Mahfoudh akasema, "Sitakohoa."

Akdi ya ndoa ilifanyika Mawaleh, kwa Mahfoudh mwenyewe, kwa kuwa majlisi yake, chumba cha wageni wanaume, ni kubwa, baada ya sala ya alasiri. Wanaume majlisini, wanawake sebule ya pili, mlango uko wazi na pazia limeshushwa. Vijana walimwekea sheikh kipaza sauti na spika moja wakaileta upande wetu, tupate kusikia. Bi Zakiya aliletwa mapema na mwanawe akakataa kiti cha nyuma. Alitaka kukaa chini ya spika, ubavuni mwa pazia, na ukimkatalia Bi Zakiya utasikika mpaka barabarani. Ruba alikaa baina yangu na mama yake, nguo ya kijani, hina mpaka viwikoni, mkono wake ndani ya wangu.

Sheikh Harub, ambaye naye wazee wake ni wa Unguja, alisoma hotuba yake fupi na nzuri. Kisha tukamsikia anasema, "Ustadh Zahor, shika mkono wa kijana. Tamka."

Spika ilituletea pumzi ya kaka yangu. Aliivuta ndani, ikakaa.

"Za."

Ruba akanibana vidole.

"Za, za."

Upande wetu wanawake walikuwa wameinamisha vichwa, na mimi nilikuwa nasubiri kikohozi cha Mahfoudh. Hakikuja. Hakuna mtu aliyecheka wala kunong'ona. Kulikuwa na ile pumzi tu kwenye spika na sauti ya viyoyozi, na kimya kikazidi kuwa kirefu mpaka nikatamani kupiga kelele mimi. Nasriya alikuwa amefumba macho anaomba dua.

"Za, za, za."

"KASEMA NINI?"

Alikuwa Bi Zakiya. Hakuwa na nia yoyote, kizee cha watu. Spika ilikuwa inamkwaruzia masikioni tu, na yeye alitaka kujua. Sauti yake ilipita pazia na kuingia majlisini kote.

"Sss! Bi Zakiya!" wanawake wakamnyamazisha.

"Sss nini? Sisikii! Kasema nini?"

Na kutoka kwenye spika, kwa sauti iliyonyooka, ya taratibu, niliyoisikia mara ya mwisho nikiwa mtoto kwenye mkeka wa Malindi, kaka yangu akamjibu.

"Nasema hivi, Bi Zakiya. Niliwekwa nimlinde binti huyu. Nimemlinda tangu siku aliyozaliwa. Niliambiwa niufunge mlango, sikuambiwa niufunge mpaka lini. Hawa wamekuja kwa amani, na nyuso zao nimeziona. Basi mimi naufungua."

Akavuta pumzi, na bila kusimama akaingia kwenye Kiarabu.

"Zawwajtuka ibnati Ruba."

Akaendelea na mahari na kila kinachotakiwa, neno baada ya neno, mpaka mwisho. Loai alijibu qabiltu, nimekubali, kwa haraka, kabla sheikh hajamgeukia, na majlisi nzima ikacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri. Tukasikia sauti ya Mahfoudh akikohoa, kikohozi kirefu alichokizuia muda wote ule, na nadhani kilikuwa na machozi ndani yake.

"Haya," akasema Bi Zakiya chini ya spika, akitikisa kichwa. "Sasa nimefahamu."

Vigelegele nilivyopiga mimi vilinikausha koo siku mbili. Ruba alikuwa analia na wanja wote umemtiririka, na mama yake anamfuta huku naye analia, na mimi nililia waziwazi bila kuficha uso, kwa furaha niliyokuwa sijaipata tangu nizaliwe. Nilitaka kutoka nje nikamwambie kila dereva wa Mawaleh kwamba kaka yangu amesema.

Kigugumizi hakikwenda popote. Halwa ilipopitishwa, wanaume wakaja ukumbini kuwapa mkono wa hongera watu wa nyumba, na kijana mmoja akamuuliza Zahor anataka juisi gani. "Ya e-e-embe," akasema. Alisimama pale na bilauri mkononi na kilemba kimemlalia upande, kachoka, anang'ara.

Baba yake Loai, mzee wa Tabora mwenye kusema kwa upole, akamjia. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mkwe," akamwambia, "nimehudhuria ndoa nyingi. Maneno yale ya mlango sijapata kuyasikia. Ni ya kitabu gani?"

Nilifungua kinywa nijibu. Ni mazoea, na ilikuwa hadithi tamu, ya pipa na taa na Malindi. Mahfoudh alikuwa upande wa pili na nilimwona naye amefungua kinywa. Tukaangaliana. Tukafunga.

Zahor akaweka bilauri chini. Tukangoja, na mzee naye akangoja.

"Si ya ki-kitabu," akasema kaka yangu. "Ni ya-yangu. Yangu mimi, Za, Za, Zahor."